Ufundi wa Kufunga Kapu

Kabla jogoo wa kwanza hajawika, wakati ukungu wa mashamba ya mpunga ungali umeulalia uwanda wote wa Ikolo, kwetu Kyela, na milima ya Livingstone upande wa matlai haijajipambanua na giza, shangazi yangu huwa amekwisha keti jikoni mwake juu ya kigoda, taa ya chemli ubavuni, kapu mbele yake, na majani ya mgomba yaliyokatwa tangu jana jioni yamelazwa kuumeni kwake, moja juu ya jingine. Anasafiri kwenda Dar es Salaam. Amekwenda huko mara nyingi katika umri wake, kwa maradhi, kwa harusi na kwa misiba, na kila mara kwa fedha ambazo mtu mwingine asingethubutu kuipita Uyole nazo; walakini sijapata kusikia kwamba alilala na njaa katika mji ule, wala kwamba alimwendea mtu kumwomba nauli ya kurudia. Nimewatazama wanawake wa Kikisi wa Ikombe wakifinyanga vyungu ambavyo siku ya Jumamosi watu huvifuata sokoni Lyulilo, nimewatazama na mafundi wa mitumbwi wakilitoboa gogo zima hadi likawa chombo, nikawastaajabia wote kama wanavyostahili. Lakini ufundi huu wa shangazi, usio na siku ya soko na usionunuliwa na mgeni, sijaona mtu akiuandikia hata ukurasa mmoja.

Ni ufundi wa kuuendea mji mkuu wa ghali ilhali huna kitu, na kurejea na murua wako.

Nasema mji mkuu, nami naijua sheria. Ni kweli kwamba mwaka 1973 ilikatwa shauri makao makuu yahamie Dodoma, na kwamba tangu 2016 wizara zimefunga virago na kuhama. Lakini kwa watu wa kizazi cha shangazi mji mkuu ni ule alioanza kuujenga Sultani Majid kando ya bandari, Wajerumani wakaufanya makao ya serikali yao mwaka 1891, kwa kuwa huko ndiko iliko hospitali ya Muhimbili, huko ndiko waliko watoto waliotutoka, na huko, baada ya safari ya kilomita zaidi ya 900, ndiko shilingi inakokwisha nguvu. Ughali wa mji ule sisi hatuupimi kwa majumba ya ghorofa. Twaupima kwa ndizi. Mtu wa Kyela hajazoea kununua ndizi: ziko nyuma ya nyumba, na akizikosa yeye, jirani anazo, na siku anapoiona kwa mara ya kwanza ndizi moja, iliyonyauka, imewekwa peke yake mezani ikiwa na bei yake, ndipo anapotambua amefika wapi.

Jani la mgomba haliwi jani la safari mpaka lipite motoni. Shangazi hulitafuta kwenye mgomba uliojificha nyuma ya nyumba, ambao upepo wa ziwa haujaupasua. Huuchonga mshipa wake wa nyuma kwa kisu mpaka ukalingana na jani lenyewe, kisha hulipitisha juu ya makaa, si ndani ya ulimi wa moto, akilivuta polepole kwa mikono miwili kama mtu anayekunjua kitambaa. Hapo rangi yake hugeuka. Ule ukijani mpauko, wenye vumbi jeupe kwa chini, hukimbia mbele ya joto, na nyuma yake huja ukijani mzito unaong'aa kana kwamba umepakwa mafuta; harufu hupanda, harufu ambayo nikiinusa popote duniani nitafumba macho; na jani lililokuwa likivunjika kwa kuguswa sasa hukunjika hata kona nne bila kulalamika. Akilichelewesha kwa pumzi mbili, limeungua. Akiliharakisha, litapasuka njiani.

Wali nao una sheria zake. Hautiwi tui, kwa kuwa tui huchacha kabla ya Makambako. Hutiwa chumvi na maji kidogo kuliko desturi, ukaiva kwa mvuke, kisha ukatandazwa katika sinia na kupepewa kwa ungo mpaka upoe kabisa, maana wali unaofungwa ungali moto hutoa jasho ndani ya jani, na jasho hilo ndilo linaloutia uchachu. Dagaa wa usipa waliokaushwa kwa jua hukaangwa kwa mawese na pilipili, wakapewa jani lao mbali. Kila furushi hufungwa kwa uzi wa gome kavu la mgomba lililoloweshwa, kwa fundo ambalo mtoto aweza kulifungua gizani kwa kuvuta ncha moja. Tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, watu wengi niliowajua walihangaika wasijue watabebea nini. Jikoni kwa shangazi siku ile ilipita kama siku nyingine yoyote.

Chini kabisa ya kapu hukaa mchele mkavu, kilo kumi katika mfuko wa kitambaa. Juu yake ndizi mbichi, kisha zilizoanza kupata manjano, kisha mbivu, hivi kwamba ukishuka nazo tabaka kwa tabaka utazikuta kila siku zimewiva zile za siku hiyo. Hilo ndilo jambo ambalo mwenye haraka hawezi kuliona. Kapu la shangazi limeipanga safari kwa siku, na siku kwa milo, na anajua, kabla hajafunga mlango, ni jioni gani itakayokuwa ya mwisho kula cha nyumbani.

Fedha hufungwa mahali pengine. Pindo la kanga yake ya ndani lina mafundo matatu: la kwenda, la mjini, na la kurudi, na lile la kurudi hufungwa kwanza, siku nyingi kabla ya safari, tangu zinapopatikana fedha za kwanza za mpunga au kakao. Fundo hilo halifunguliwi kwa sababu yoyote. Nimemwona akiiacha kanga nzuri pale Kariakoo, akiigusa mara ya pili na ya tatu, fundo la mjini limekwisha na lile jingine limemjaa kiganjani, naye akaondoka akiwa ameinua kichwa.

Mara ya kwanza nilipoandamana naye nilikuwa na miaka tisa, nasi tulisafiri kwa gari moshi la TAZARA, reli ambayo Wachina waliijenga pamoja na watu wetu tangu 1970 hadi 1975, ikakabidhiwa mwaka 1976, nayo yaenda kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia. Tulipanda Mbeya, daraja la tatu. Mengi ya safari ile yamenitoka, hata sikumbuki mji ulinipokeaje. Nakumbuka usiku tu, baada ya mahandaki yale ya kati ya Makambako na Mlimba ambamo mlio wa magurudumu huingia tumboni, jinsi shangazi alivyolivuta kapu chini ya kiti, akahesabu mafurushi kwa vidole bila kuwasha kitu, akanipa langu. Nilivuta ncha. Harufu ya jani na ya mchele wa kwetu ikajaa behewa zima, na watu waliokuwa wamesinzia wakainua vichwa, na mzee mmoja asiyetujua akasema kwa sauti ya upole, "Huyo ametoka Kyela."

Nilipohesabu nikaona furushi moja limezidi. Tulikuwa wawili, na milo ya njiani ilikuwa mitatu, ilhali mafurushi yalikuwa saba. Nikamwuliza, "Shangazi, hili la nani?"

"La mtu ambaye bado sijamjua."

Alimjua tulipofika Mlimba. Aliingia mama mwenye mtoto mgongoni na hana kitu mkononi, akaketi sakafuni karibu na mlango. Mtoto akalia, akabembelezwa, akalia tena. Shangazi hakumwuliza atokako wala aendako. Alilinyoosha furushi kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha amana, na yule mama akalipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kadiri nafasi ilivyomruhusu. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya iktisadi tangu siku ile, vyenye hesabu nyingi, na sikukuta katika hata kimoja namna mtu mwenye fedha za mafundo matatu awezavyo kuiweka ndani ya bajeti yake sehemu ya saba kwa ajili ya asiyemjua.

Shangazi akifika mjini, salamu zikiwa hazijamalizika, humwita mama mwenye nyumba kando akampa mchele. "Huu ni wa nyumba, mwanangu." Kwa maneno hayo machache huwa amekwisha kupanga chakula cha siku zake zote, kwa kuwa mgeni aliyeleta kilo kumi za mchele wa Kyela hawi mzigo, na yule wa methali anayepewa jembe siku ya tatu siye yeye; fauka ya hayo, mjini mchele huo ni jina kubwa, na walio na ndimi za kujua hulalamika kwamba mwingi unaouzwa kwa jina hilo umechanganywa na mwingine usioijua hata harufu ya ziwa. Asubuhi huwa wa kwanza kuamka na kushika ufagio. Ananunua siku ya mwisho tu, baada ya kuuliza bei kwa siku zote zilizotangulia, na hushika kitambaa baada ya duka la tatu, si kabla.

Starehe pia anayo, wala asidhaniwe kuwa bahili. Huenda Magogoni akapanda kivuko cha Kigamboni, ambacho nauli yake ilipopandishwa mwaka 2012 kutoka shilingi 100 hadi 200 watu walinung'unika sana, akasimama ubavuni penye upepo, akaziona meli kubwa zikiingia katika ule mlango mwembamba wa bahari, na mnara wa Azania Front na paa lake jekundu, na kuta nyeupe za Mtakatifu Yosefu, mji wote ukimgeukia taratibu. Hufika ng'ambo, hununua dafu, hurudi. Mimi nimekwisha kuketi katika mkahawa wa ghorofani unaoitazama bandari hiyohiyo, nikalipia kikombe kimoja cha chai fedha ambazo yeye angelala nazo siku nne, na sikuona meli hata moja ambayo yeye hakuiona.

Alimwuguza mumewe Muhimbili wiki tatu kwa ufundi huo, akishirikiana na wanawake wawili waliotoka mikoa mingine, mmoja mwenye jiko la mafuta ya taa, mwingine mwenye sufuria, yeye mwenye mchele. Na saa za kuwaona wagonjwa zilipofika kila mgonjwa wao alikula chakula cha moto. Mumewe hakupona. Fundo la kurudi ndilo lililomrejesha Ikolo kumzika.

Sasa vijana wetu huenda wakiwa na simu. Sisemi kwa kuwachukia. Mmoja wao ni damu yangu, nami nampenda. Aliondoka mikono mitupu, maana kapu, alisema, ni aibu ndani ya basi, na kila kitu kipo huko. Fedha zake zilikuwa ndani ya simu, nazo zilikatwa zilipotumwa, zikakatwa zilipotolewa. Mlo wake ukawa chipsi za kwenye mfuko, asubuhi na jioni, akila amesimama. Bodaboda ikamchukua hata mahali ambapo mguu ungefika. Siku ya nne alichukua mkopo kwa simu hiyohiyo. Siku ya sita alinipigia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetahayari, na mimi ndimi niliyetahayari zaidi, kwa kuwa niliulea ujinga ule: nilikaa jikoni kwa shangazi nikila alichokifunga na sikumwita kijana aje atazame mikono.

Walakini lililonichoma ni jambo jingine. Mwaka jana shangazi alisafiri kwa basi, stendi mpya ya Mbezi ikiwa imekwisha chukua nafasi ya Ubungo, nami nilikwenda kumpokea usiku. Kapu alilishusha mwenyewe. Nilipolipokea nikahisi uzito, nikafunua, nikaliona furushi moja limefungwa vilevile lilivyofungwa jikoni. Akanieleza njiani, bila hasira. Jirani yake wa kiti alikuwa binti asiyeshuka kula pale basi liliposimama, na macho yake yalionyesha kwamba haikuwa kwa kushiba. Shangazi akamnyooshea furushi kwa mikono miwili. Binti akasema, "Asante bibi, nimekula," akajisogeza dirishani. Abiria wameonywa, nami najua kwamba wameonywa kwa haki, wasipokee chakula kwa msafiri wasiyemjua, kwa kuwa wako waliotiliwa dawa wakaibiwa kila kitu. "Hakukosea," shangazi alisema. Kisha hakusema neno tena mpaka tulipofika nyumbani.

Leo atasafiri peke yake. Milo ni miwili, maana basi haliendi kama treni ile. Nimeketi kando ya mlango wa jikoni nikimwangalia, nami nahesabu. La kwanza amelifunga. La pili amelifunga, akalilaza juu ya ndizi mbivu. Mikono yake sasa hutetemeka, na jani moja lilimpasukia juu ya makaa akaliweka kando. Wali ungalipo katika sinia. Ameutazama kitambo, ameifuta mikono kwa kanga, amejinyoosha kuumeni kwake akachukua jani jingine, na analipitisha juu ya moto.