Grisi, Mchanga na Ribiti: Jinsi Liemba Ilivyookolewa

Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wanaiacha Kigoma, waliizamisha wenyewe meli yao kubwa kuliko zote katika Ziwa Tanganyika. Waingereza waliiinua Machi 1924, wakafungua chumba cha injini na kukuta injini na boila ambazo bado zingeweza kufanya kazi. Mei 1927 meli ikarudi safarini kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa ambalo Livingstone aliliandika katika safari zake. Watu wengi husimulia habari hii kama muujiza. Mimi naiona kama kazi ya ufundi iliyofanywa vizuri kabla ya meli kuzama, na kwa kuwa Liemba ilisimama 2018 ikisubiri ukarabati mwingine, inafaa tuitazame kazi ile kwa jicho la fundi.

Meli yenyewe ilizaliwa kwa namna isiyo ya kawaida. Kiwanda cha Meyer cha Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, kiliiunda 1913, kisha kikaifungua vipande vipande na kuifunga katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalisafiri kwa bahari hadi Dar es Salaam, halafu kwa Reli ya Kati, ambayo mwanzoni mwa 1914 ilikuwa ndiyo kwanza inafika Kigoma. Mafundi watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walikuja kusimamia kazi ya kuiunganisha upya hapa mwisho wa reli, na vibarua Waafrika ndio waliobeba mzigo mzito wa kazi hiyo. Tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini, ikaitwa Graf von Götzen kwa kumbukumbu ya gavana wa zamani wa koloni, ikafungwa mizinga, ikaingia vitani.

Jambo la kukumbuka katika historia hiyo ni masanduku. Meli iliyopakiwa vipande vipande lazima ijulikane vipande vipande: kila bamba, kila ubavu wa chuma, kila bomba lilikuwa na mahali pake, na mafundi waliokuwa Kigoma walikuwa wameipitia yote mara mbili, kuunda na kuunda tena. Walipopewa amri ya kuizamisha hawakuwa wanabahatisha nini kitaharibika kwanza. Walijua.

Ndiyo maana walianza na grisi. Chuma hakipati kutu kwa sababu tu kimelowa. Kinahitaji maji na oksijeni vikutane kwenye uso wake. Tabaka nene la grisi huzuia mkutano huo. Katika injini ya mvuke sehemu za kuogopa ni zile zinazosuguana: ukuta wa silinda, pistoni na fito zake, vali, ekseli na beringi. Upande wa nje wa silinda ukiliwa na kutu, utausugua na kuupaka rangi. Ukuta wa ndani ukitoboka vishimo vidogo vidogo, mvuke utapita pembeni ya pistoni na nguvu itapotea, na kwa fundi wa Kigoma wa wakati ule, asiye na karakana kubwa ya kuchonga silinda upya, injini hiyo ingekuwa imekufa. Kwa hiyo walizipaka mashine grisi nyingi kabla ya kufungulia maji.

Kisha mchanga. Meli ilijazwa mchanga na kushushwa kwa utaratibu kwenye kina cha takriban mita 20. Meli tupu inayojaa maji upande mmoja huinama, hupinduka, na ikifika chini huvunjika mgongo au hulala ubavu mahali pasipoinulika. Uzito uliogawanywa vizuri huishusha ikiwa imesimama wima na kuituliza chini isisukwesukwe na mawimbi. Kina nacho kilichaguliwa kwa akili. Ziwa hili lina sehemu zenye kina cha zaidi ya mita 1,400, na aliyetaka meli ipotee kabisa hakuhitaji kwenda mbali sana na ufukwe kuipoteza. Mita 20 ni kina ambacho mzamiaji wa miaka ile, mwenye kofia ya shaba na bomba la hewa, angeweza kufanyia kazi. Hapo ndipo nia yao inaposomeka: waliiweka akiba.

Ziwa nalo lilisaidia. Maji ya Tanganyika ni matamu, na chumvi ya bahari, ambayo ndiyo adui mkubwa wa meli za chuma, haimo kwa kiasi cha kutisha. Tena maji yake yana ualkali, na chuma ndani ya maji ya namna hiyo huliwa taratibu kuliko ndani ya maji yenye asidi. Kama meli hii ingezamishwa nje ya bandari ya Tanga kwa muda huohuo, sidhani kama tungekuwa na la kuzungumza leo.

Wabelgiji, waliokuwa wameishika Kigoma, ndio waliotangulia kuiinua. Haikudumu, dhoruba ya 1920 iliizamisha tena palepale bandarini. Kazi iliyofaulu ni ile ya Waingereza, na hata hao walihitaji miaka kadhaa kuikamilisha. Baada ya kuiinua 1924 walichukua miaka mingine mitatu kabla ya kuirudisha kazini. Sehemu hii ya hadithi haisimuliwi sana, nami naona ndiyo inayowafaa mafundi wetu zaidi. Kupata injini nzima si mwisho wa kazi. Kila bomba lilipaswa kukaguliwa, boila zipimwe kwa shinikizo kabla ya kuwashwa moto, mbao za ndani zilizooza zitolewe, nyaya zibadilishwe, mchanga usafishwe katika kila kona. Grisi iliokoa moyo wa meli. Kazi iliyobaki ilikuwa jasho.

Tuseme pia ukweli kuhusu injini zenyewe. Injini ya mvuke ya zama zile huzunguka polepole, imetengenezwa kwa chuma kinene, haina umeme wa kuiendesha wala vipuri vidogo vya kupotea. Inasamehe. Injini ya dizeli ya leo haisamehe hivyo. Nafasi iliyopo kati ya sindano ya injekta na kifuko chake hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita, na siku chache za maji humo zinatosha kuigandisha. Mtu akikuambia kwamba mitambo ya zamani ilikuwa bora kuliko ya sasa, mwulize bora kwa kazi gani. Kwa kulala chini ya ziwa miaka kadhaa na kuamka, ndiyo, ilikuwa bora.

Miongoni mwa Wamarekani wanaofufua magari yenye nguvu ya miaka ya 1960, kama Pontiac GTO na Dodge Charger, kuna kanuni wanayoiheshimu sana: namba iliyogongwa kwenye injini ilingane na ile ya bodi. Gari lenye injini yake ya kuzaliwa huuzwa kwa bei ya juu kuliko lililobadilishwa injini, hata kama hilo la pili linakimbia vizuri zaidi. Liemba ingepimwa kwa kanuni hiyo ingeanguka mtihani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 injini zake za mvuke zilitolewa, ikawekewa za dizeli. Mwaka 1993, kwa fedha za msaada wa Denmark, ilikarabatiwa kwa upana: injini mpya mbili za MAN, vyumba vikarekebishwa, nafasi za abiria zikaongezwa hadi kufikia 600. Kilichobaki cha 1913 ni bodi.

Siikubali kanuni ya magari hayo kwa meli hii. Gari la kifahari huwekwa gereji, hutolewa Jumapili. Liemba ilikuwa inakwenda Mpulungu, Zambia, ikipita Karema, Kipili, Kasanga na vijiji vingine vingi ambavyo havina gati. Ilisimama majini, ikapiga honi, na boti za mbao zikaikimbilia zikiwa na abiria, magunia ya dagaa, mahindi na kuku. Mwaka 1997 ilitumika kuwarudisha wakimbizi wa Kongo kwao. Mwaka 2015 Warundi walipojaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, ni Liemba iliyowachukua hadi Kigoma. Meli yenye kazi ya namna hiyo inastahili injini ambayo vipuri vyake vinapatikana na mafundi wake wapo, iwe ya mwaka wowote. Wanaotaka igeuzwe makumbusho nawaelewa, lakini nadhani imeishi zaidi ya miaka mia moja kwa sababu kila aliyeimiliki aliihitaji.

Bodi ndiyo yenye mgogoro wa kiufundi, na hapa ningependa tukae kidogo.

Bodi ya Liemba imeungwa kwa ribiti. Mabamba mawili hulaliana, hutobolewa matundu, ribiti iliyopashwa moto hadi kuwa nyekundu hupitishwa, kisha kichwa cha pili hugongwa kwa nyundo. Ribiti inapopoa hunywea na kuyabana mabamba kwa nguvu. Ufundi huo una faida moja ambayo watu huisahau: ufa ukianza katika bamba moja, huishia kwenye kiungo. Katika meli iliyochomelewa ufa unaweza kusafiri kutoka bamba hadi bamba, kwa kuwa chuma chote kimekuwa kitu kimoja.

Ubaya wake uko palepale penye kiungo. Maji huingia katikati ya mabamba yaliyolaliana, hukaa humo bila kuonekana, na kutu yake huvimba hadi kusukuma ribiti. Kwa nje rangi inang'aa. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya ukarabati wowote wa meli hii ni kipimo cha unene kwa mawimbi ya sauti: kifaa kinawekwa juu ya bamba, kinatuma sauti, kinasoma mwangwi wake, kinatoa unene kwa milimita. Bodi yote igawanywe kwa miraba na kila mraba upimwe, hasa kwenye mstari wa maji, chini ya chumba cha injini, na kila mahali maji yaliyovuja huwa yanatuama. Kwa kawaida bamba lililopoteza karibu robo ya unene wake hubadilishwa. Kuweka kiraka juu yake ni kuahirisha, na chini ya kiraka kutu hupata chumba kingine cha kujificha.

Swali gumu ni jinsi ya kuweka bamba jipya. Wapiga ribiti wa meli wamebaki wachache duniani, kwa hiyo kishawishi ni kuchomelea kila kitu. Lakini joto la kuchomelea hulivuta bamba, na bamba likivutika hulegeza ribiti za jirani. Unaziba tundu moja, yanavuja kumi. Isitoshe, chuma cha mwanzo wa karne ya 20 mara nyingi kina salfa na fosforasi nyingi kuliko chuma cha leo, na hupasuka pembeni ya mchomeleo kama fundi hakuchagua elektrodi ifaayo au alichoma kwa pupa. Njia ya busara, kwa maoni yangu, ni kuzitoa ribiti kwa kuzitoboa na kuondoa bamba zima hadi kwenye viungo vyake, bila kukata dirisha katikati yake. Mahali palipo na uzima mwingi, bamba jipya lifungwe kwa ribiti. Palipobadilishwa eneo kubwa, lichomelewe kwa mishono mifupi inayopokezana, na ribiti zote za mpakani zipigwe upya baada ya chuma kupoa. Ni kazi ya polepole. Haina njia ya mkato, kwa sababu ziwa hili halina mlango wa bahari na meli haiwezi kupelekwa Mombasa au Durban kutengenezwa. Chelezo iliyopo Kigoma ndiyo hospitali yake.

Kuhusu mitambo nina neno moja tu la kuonya. Injini na boila za mvuke zilikuwa mzigo mzito uliokaa chini kabisa ya meli, na uzito huo ndio uliokuwa unaishikilia isiyumbe. Ukiuondoa na kuweka dizeli nyepesi, kisha ukaongeza vyumba na abiria juu, kitovu cha uzito kinapanda. Meli inakuwa nzito kichwani. Tulizika ndugu zetu wengi mno MV Bukoba ilipopinduka Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Mtu yeyote asituambie kwamba uthabiti wa meli ni hesabu za makaratasi. Kila kilo inayotolewa na kila kilo inayoingizwa katika ukarabati huu iandikwe, pamoja na urefu wake kutoka kwenye mkuku.

Mkataba wa kuikarabati ulisainiwa 2023, na watu wa mwambao wanauliza lini. Mimi nauliza pia kwa mpangilio gani. Ningependa kuona ramani ya unene wa mabamba ikitangulia, kisha bodi, kisha injini, na rangi iwe ya mwisho. Kabla abiria wa kwanza hajapanda, ifanyike hapo bandarini kazi ya kuinamisha meli: mizigo ya uzito unaojulikana inasogezwa kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, mafundi wanapima imeinama kiasi gani, na kutokana na pembe hiyo wanajua kitovu cha uzito kiko wapi. Idadi ya abiria itakayoandikwa kwenye cheti itoke katika kipimo hicho, hata kama ni chini ya 600.