Askari wa Jadotville katika Sinema

Sinema iitwayo The Siege of Jadotville, iliyoongozwa na Richie Smyth na kutolewa mwaka 2016, inasimulia mambo yaliyotukia Katanga, nchi ambayo lugha yake ya sokoni na migodini ni Kiswahili. Basi, msomaji, unayo haki ya kuihukumu kwa jicho lako mwenyewe.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi Septemba 1961, Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe. Kikosi cha Umoja wa Mataifa, askari wa Ireland zaidi ya 150, kiliwekwa Jadotville, mji wa shaba ambao leo huitwa Likasi. Mkuu wao alikuwa Pat Quinlan. Asubuhi ya tarehe 13, wengi wao wakiwa katika Misa, walishambuliwa na askari wa Katanga pamoja na mamluki wa Kizungu. Wakazingirwa siku tano. Ndege ya vita iliwapiga kutoka juu, na wenzao waliotumwa kuwaokoa wakazuiwa penye daraja la mto Lufira. Risasi na maji vilipokwisha walisalimu amri, wakatiwa kifungoni zaidi ya mwezi mmoja. Hapana hata mmoja wao aliyeuawa.

Sifa ya sinema hii ni kwamba inajua kuonyesha kungoja. Quinlan anawaamuru vijana wachimbe mahandaki kabla hatari haijaonekana, nao wananung'unika kama wanafunzi waliopewa majembe siku ya mapumziko. Hapo ndipo ushindi wao ulipoanzia, si katika milio ya bunduki. Jamie Dornan anamwigiza Quinlan pasipo majivuno, na hilo lanipendeza.

Walakini iko kasoro ambayo siwezi kuinyamazia. Faulques, kiongozi wa mamluki, anapewa nafasi ya kuketi na kuzungumza na Quinlan, mtu na mtu. Askari Mwafrika wa Katanga hapewi nafasi hiyo. Anakimbia kuielekea mizinga, anaanguka, na mwingine anashika mahali pake, hana jina wala neno la kusema. Na watu wa mji je? Wachimbaji wa shaba na wake zao walilala wapi siku zile tano? Picha zilipigwa Afrika Kusini, lakini huo si udhuru. Mwandishi angaliweza kumweka japo muuza maji mmoja mwenye kauli.

Jambo la pili ni zito zaidi. Askari hao waliporudi kwao hawakushangiliwa. Walikejeliwa kwa kusalimu amri, na jeshi lao likawafunika kwa kimya kirefu. Quinlan alikufa mwaka 1997 kabla jina lake halijasafishwa, na nishani ya Jadotville ilitolewa mwaka 2017. Sinema inayagusa haya mwishoni kwa haraka, kana kwamba ni mkia wa hadithi. Mimi nadhani ndiyo moyo wake.

Nasema hivyo kwa sababu ya desturi yetu pia. Huku Kisii na Nyamira twamkumbuka Otenyo, aliyemchoma mkuki Mwingereza Northcote mwaka 1908, pamoja na Moraa aliyemhimiza. Sifa zetu humwendea upesi yule anayejitupa mautini. Je, yule anayezihesabu risasi zake, akaona zimekwisha, akachagua kuwarudisha vijana wa watu kwa mama zao, tungalimwita nani?

Swali hili si la wageni peke yao. Tarehe 15 Januari mwaka huohuo wa 2016, kambi ya askari wa Kenya huko El Adde, Somalia, waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Afrika la kulinda amani, ilivamiwa na Al-Shabaab, na wengi wakauawa. Desemba 2017 kambi ya askari wa Tanzania ilishambuliwa Semuliki, Kongo. Waliofia huko tumewaomboleza. Waliorudi hatujawauliza sana.

Ukiipata sinema hii, itazame mara mbili. Mara ya pili yaache mapigano, uwatazame wanaopita nyuma ya picha. Kisha mchague mmoja wa Jadotville, mchimbaji au mkewe, umwandikie ukurasa mmoja wa siku ile ya tarehe 13, kwa Kiswahili, maana ndicho angalichokisema.