Tani, Mizani na Ngalawa

Huku Tanga chombo hutajwa kwa umbo na kazi yake: ngalawa, dau, mashua, jahazi. Matajiri wa Uingereza wa karne ya 19 walizipanga boti zao za mashindano kwa tani, na tani hiyo haikuwa uzito. Ilikuwa hesabu. Kwa kanuni ya miaka ya 1880, unajumlisha urefu na upana kwa futi, unazidisha jumla hiyo kwa yenyewe, kisha kwa upana, halafu unagawanya kwa 1,730.

Tuisome kanuni hiyo kama tunavyosoma shairi. Upana umetajwa mara mbili, kwa hiyo kila futi yake ni ghali. Kina hakikutajwa kabisa. Wasanifu wakaelewa: wakachora boti nyembamba, zenye kina kirefu na risasi nzito chini. Oona, boti ya tani 5, ilikuwa na urefu wa futi 34 hivi na upana wa futi 5 na nusu tu. Mwaka 1886 ilivunjikia pwani ya Ireland, akafa humo msanifu wake, William Evans Paton. Mwaka uliofuata kanuni mpya ikapima urefu na ukubwa wa tanga.

Sasa chukua ngalawa ya futi 20. Ukipima gogo lake tu, lenye upana wa futi 2, utapata kama nusu tani. Ukipima hadi kwenye mbao zake za pembeni, tuseme futi 12, utapata tani 7. Chombo ni kilekile, na mbao zinazokizuia kisipinduke ndizo zinazokiadhibu.

Nasoma fasihi, na kwetu neno mizani lina kazi mbili: kupima mzigo na kuhesabu silabi. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, alizijua zote, maana alikuwa mtumishi wa forodha tangu 1926 hadi 1944. Hakimu wa shindano anayehesabu silabi tu ataletewa Oona nyingi: beti zimetimia nane kwa nane, maneno yamebanwa, maana imekosa pumzi. Kezilahabi, katika Kichomi (1974), alijibu kwa kuiacha mizani. Mimi nisingefika huko. Wenye boti hawakuacha kupima, walibadili wanachopima. Mahakimu wetu nao waanze kwa kuuliza shairi linasema nini, ndipo wahesabu.