Kukinai na Kutosheka: Kutoka Pate hadi Njombe

Neno kukinai lina maana mbili katika Kiswahili. Hukinai aliyetosheka na alicho nacho, na hukinai pia aliyekila kitu hadi kikamchosha. Ushairi wa dini unaomwita mtu aiache mali na kuitafuta ridhaa ya kudumu husimama baina ya maana hizo mbili, na hapo ndipo hupimwa: je, mtunzi ametosheka, au amechoshwa tu?

Kwa wasomaji wa pwani, kipimo cha dhamira hii ni Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Beti zake za mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani 10, zinachora majumba yaliyokuwa yakiwaka taa na vidaka vilivyopangwa vyombo vya thamani. Kisha zinaonyesha wadudu na ndege waliozirithi nyumba zile zile. Nguvu ya utungo huu haitokani na hukumu yake. Inatokana na jicho lililoupenda uzuri wa Pate kabla ya kuuaga, na zaidi inatokana na mlengwa wake: mtunzi anauonya moyo wake mwenyewe, si moyo wa jirani.

Dhamira hiyo inaimbwa pia mbali na bahari, kwa imani nyingine. Njombe na Makambako ni nchi ya Wabena, ambako injili imekaa tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walipojenga vituo kama Kidugala. Njombe ni makao ya Dayosisi ya Kusini ya KKKT na ya Jimbo Katoliki lililoundwa mwaka 1968. Wimbo wa kwaya ndio ushairi unaosikiwa na wengi huko, ibadani, harusini na msibani, na mafunzo yake yanakaribiana na ya Pate: dunia ni mapito, mali hubaki nyuma, aliyempata Kristo haoni kiu tena.

Lakini mahali pa kusimama pamebadilika. Sayyid Abdalla aliutazama utajiri uliokwisha kuanguka. Mwimbaji wa Makambako anautazama utajiri unaopita mlangoni pake. Mji wake uko njia panda, barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma ikikutana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina stesheni hapo. Malori ya mbao, viazi na mahindi hayaishi kupita. Njombe kwenyewe, mkulima aliyepanda misonobari husubiri miaka mingi ndipo avune, na parachichi limemwongezea matumaini. Kumwambia mtu huyo kwamba mali ni ubatili ni rahisi. Kumshawishi ni kazi nyingine. Asiye na kitu akiimba kwamba hataki kitu, wimbo wake waweza kuwa ridhaa ya kweli, na waweza kuwa sizitaki mbichi hizi.

Hapo nyimbo nyingi hujikwaa. Huyataja magari, majumba na fedha kwa majina matupu, kama orodha ya washitakiwa, wala hazimwonyeshi msikilizaji jumba lenyewe. Kitu kisichoonekana hakiwezi kuagwa. Tena humwonya "ndugu", na mara chache humwonya mwimbaji. Kweli, wimbo wa kwaya hausomwi, huimbwa, na sauti nne zikipatana huziba pengo lililoachwa na maneno. Lakini upande wa pili yamesimama mahubiri yanayomwahidi muumini gari na jumba kuwa malipo ya imani yake. Wimbo dhaifu hauwezi kuyajibu, maana vyote viwili vinakubali kwamba mali ndiyo jambo kubwa: kimoja kinaikimbilia, kingine kinaikimbia.

Njia nyingine ipo. Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo wa Dodoma, alitunga Utenzi wa Enjili Takatifu, uliotolewa mwaka 1963, akathibitisha kwamba bahari ya utenzi si ya dini moja wala ya kabila moja. Na mtunzi wa Njombe anao mfano wa Luka sura ya 12: tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana, akaazimia kuyavunja maghala yake ajenge makubwa zaidi, na usiku ule ule akatakwa roho yake. Mfano huo una harufu ya Njombe kuliko ya Pate. Kama Sayyid Abdalla, tajiri yule anazungumza na nafsi yake. Tofauti ni kwamba yeye anaibembeleza ilale, na mshairi anaiamsha.

Wimbo utakaolionyesha ghala hilo likijaa, na magunia yakihesabiwa kwa furaha isiyofichwa, kisha ukamwacha mwenye ghala aseme kwa kinywa chake ni kipi kilichomtosha zaidi, utakuwa umeipa ridhaa ya Kikristo ushahidi. Bila ya ushahidi huo, ridhaa hubaki tangazo tu, na kwa matangazo soko lina ufundi kuliko kanisa.