Mkopo Usio na Kamba

Mwaka juzi nilipewa kazi ya kutafsiri kipeperushi cha mkopo wa simu. Kurasa mbili, malipo kwa neno, pesa baada ya siku 30 kama kawaida yao. Juu kabisa, kwa herufi kubwa nyekundu, palikuwa na maneno "no strings attached". Nikaandika "bila masharti". Mteja akairudisha. Alitaka kitu kinachokaa karibu na Kiingereza. Kodi ya nyumba ilikuwa imepitisha tarehe tano, na mimi si shujaa. Nikaandika "hakuna kamba iliyofungwa". Akafurahi. Ikachapishwa.

Wiki chache baadaye nikakikuta kipeperushi hicho kwa shosho wangu, Githurai, akifungia mtu dania nacho. Alikuwa ameshakisoma, kwa sababu shosho husoma kila karatasi kabla ya kuitumia. Hakujua ni kazi yangu. "Mami, hii kamba wanasema haiko ni ya nini? Mtu akikupa ng'ombe bila kamba, si ni ndio amrudie mwenyewe usiku?" Wamama wa hapo sokoni wakacheka. Mmoja hakucheka. Alikuwa ameuchukua huo mkopo, na ada ilikatwa hata kabla pesa haijaingia kwa simu yake.

Tangu hapo siwezi tena kuzisoma nahau za Kiingereza nilivyofundishwa kuzisoma.

Tulifundishwaje? Kama ulifanya KCPE, ule mtihani ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023, unalijua lile daftari. Safu mbili: kushoto nahau, kulia maana. Insha ya Kiingereza ilikuwa ya dakika 40, alama 40, na mwalimu wetu alituapia kwamba kila nahau ni alama. Basi darasa zima likawa linaamka "as fit as a fiddle", na kila safari ya kwenda kwa nyanya ikanyeshewa "cats and dogs". Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona hiyo fiddle. Mimi nilidhani ni aina ya swara. Kumbe ni fidla, ya kupigwa muziki.

Lile daftari halikutupa maana mbaya. Lilitupa maana peke yake, na nahau huja na mengine mengi: nani huisema, kwa nani, akiwa amenuna au anacheka. "Kick the bucket" maana yake ni kufa, sawa. Lakini nenda kwenye mazishi ya mzungu umwambie mjane kwamba mumewe "kicked the bucket" uone. Ni maneno ya mzaha, na yana miaka mingi mtaani. Mwaka 1785 Francis Grose alichapisha kamusi ya lugha ya mtaani ya Kiingereza, maneno ya wezi, askari na walevi, na "kick the bucket" imo. Kwa lugha nyingine, hiyo ilikuwa Sheng yao. Walimu waliotuchapa kwa kuongea Sheng ya Eastlands walikuwa wakitupa alama kwa Sheng ya London ya karne ya 18.

Hao paka na mbwa nao wana mambo. Jonathan Swift aliwatumia mwaka 1738, katika kitabu cha kuwadhihaki watu wa tabaka la juu ambao mazungumzo yao yote ni misemo iliyochakaa. Yaani mwaka huo msemo ulikuwa tayari wa kuchekwa. Sisi tulipewa alama kwa kuuandika.

Ungedhani haya ni mambo ya shule na yamepita. Hayajapita, yamehamia kwenye Kiswahili. Washa redio asubuhi yoyote. Mchambuzi atasema "mwisho wa siku" mara sita kabla ya matangazo, na hazungumzii magharibi. Anatafsiri "at the end of the day" huku "hatimaye" na "mwishowe" zimekaa kando kama abiria aliyekosa kiti. Kwenye warsha za vijana mwezeshaji anaanza kwa "kuvunja barafu", kwa watu ambao barafu wanaijua ya kwenye friji. Wazungu waliipata nahau hiyo mahali ambapo mito huganda na mashua haisongi mpaka barafu ivunjwe. Halafu anatuambia "tufikirie nje ya boksi". Boksi hilo linatoka kwenye fumbo la nukta tisa zilizopangwa kama mraba, unazoambiwa uziunganishe kwa mistari minne bila kuinua kalamu, na huwezi mpaka mstari utoke nje ya mraba. Nairobi, boksi ni ya mapenzi. Nilikuwa kwenye warsha moja, jamaa wa nyuma akanong'ona, "Mimi hata ndani sijaingia."

Simaanishi nahau isivuke mpaka. "Kuua ndege wawili kwa jiwe moja" nayo ni ya Waingereza pia, na leo hakuna anayeiuliza paspoti. Imekubalika kwa sababu kila mtoto wa hapa aliyewahi kushika manati ameshaiota. Mkono unaijua kabla ya kichwa. Hicho ndicho kipimo changu: je, msikilizaji amewahi kuigusa hiyo picha, au anabebeshwa tu?

Na kipimo hicho hakiwapendelei Waswahili. Kwenye insha ya Kiswahili niliandika kwamba rafiki yangu alikuwa "adimu kama wali wa daku". Nililelewa kwenye nyumba ya Wakikuyu wa kanisani. Daku, chakula cha usiku wa manane katika mwezi wa Ramadhani, nilikijua miaka mingi baadaye, nilipopanga chumba na dada mmoja kutoka Mombasa. Kwake huo msemo ulikuwa na harufu ya jikoni kwao. Kwangu ulikuwa alama moja. Kwa hivyo tusijidai kwamba shida ni Kiingereza. Shida ni lile daftari. Lugha yoyote ukiiweka kwenye safu mbili, inakufa.

Mahali haifi ni barabarani. Chukua "kula fare". Ukiwa mgeni utadhani ni kondakta aliyemnyima tajiri pesa. Lakini sisi tunaona kisa kizima: jamaa ametuma nauli kwa simu, amefagia nyumba, amenunua soda, na msichana amezima simu. Kuna mapenzi hapo, kuna umaskini, kuna teknolojia, na kuna kicheko cha wale wasiotumiwa na wasiotuma. Hakuna aliyetufundisha. Ukitaka kumtafsiria Mwingereza, maneno mawili hayatatosha. Itabidi umhadithie.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nadharia za tafsiri ninazo nusu nusu. Lakini kwa kipeperushi kile nimejifunza jambo ambalo lile daftari halina safu yake. Zamani nilimcheka yule mteja. Niliona hajui Kiswahili, ndio maana alipenda kamba. Sasa nikiyasoma yale maneno upya, sicheki. "Bila masharti" ni ahadi. Yule mama wa sokoni angeweza kukishika kipeperushi, aende kwa ofisi yao aulize: mlisema hakuna masharti, hii ada ni ya nini? "Hakuna kamba iliyofungwa" haiahidi kitu. Huwezi kumshika mtu kwa kamba ambayo haikuwahi kuwepo. Kama mteja alilijua hilo au hakulijua, lilimfaa. Na aliyemwandikia ni mimi, kwa malipo ya neno kwa neno.

Bado napokea kazi kama hizo, kwa sababu kodi bado inafika tarehe tano. Lakini siku hizi, nikikutana na nahau, namwandikia mteja swali moja kabla ya kutafsiri: mnamaanisha nini hasa? Wengine hunijibu. Wengine hupeleka kazi kwa mtu mwingine. Shosho alilijua swali hilo siku nyingi, na hakulipwa hata shilingi.