Pete Iliyotiwa Risasi

Pete ya dada yangu, yenye muhuri wa 750, yaani dhahabu ya karati 18, na jiwe la tanzaniti lililochimbwa Mirerani, mwendo usio mrefu kutoka hapa Bomang'ombe, ilikatika mahali palepale ilipokuwa imekwisha kuungwa. Na jambo hilo, ambalo watu wa nyumbani walilihesabu kuwa bahati mbaya, lilikuwa na sababu iliyo dhahiri. Mzee sonara, jirani yetu, tuliyemwomba aje na zana zake barazani kwetu, aliigeuza juani, akakwaruza ukingo wa ufa kwa ncha ya kisu, pakatokea rangi ya kijivu. "Mwanangu," akasema, "hapa pametiwa risasi."

Lehemu ya mafundi redio, ambayo ni mchanganyiko wa bati na risasi, huyeyuka kwa nyuzi 183 hivi, na kwa wepesi huo humdanganya mwenye haraka: hushika dhahabu juu juu kama gundi, na, lililo baya zaidi, pete ikija kutiwa katika moto mkali, risasi hupenya ndani, ikaila dhahabu na kuiacha na vishimo, ikawa ya kukatika-katika. Dhahabu safi haiyeyuki ila kwa nyuzi 1064, wala moto hauichomi. Lakini chembe ya risasi yatosha kuifisidi. Kwa hiyo kazi ya mwanzo ilikuwa kukwangua na kupiga tupa, kwa muda mrefu kuliko kuunga kwenyewe, mpaka kijivu chote kikaisha. Nasema wazi kwamba asiyekuwa na subira ya kazi hiyo asiiguse pete ya mwenziwe.

Jiwe nalo lilitolewa kwa kuinua makucha yake moja moja, maana tanzaniti haivumilii joto la ghafla na hupasuka.

Huku mlimani tumezoea uhunzi wa chuma, ambao Wachagga wa Mamba walivuma kwao, na mhunzi huunga chuma kilichopashwa moto mkali kwa nyundo. Labda ndiyo sababu wengi wetu hudhani kuwa kila kiungo hupatikana kwa nguvu. Sonara, ambaye hata jina lake limetoka Uhindi, hutenda kinyume. Aliikunja pete taratibu mpaka ncha zake mbili zikagusana pasipo kupenya mwanga, kwani lehemu ya dhahabu hujaza mguso, haizibi pengo. Akapaka uji wa boraksi, akaweka kijipande cha lehemu, kidogo kuliko punje ya mchele, iliyofanywa kwa dhahabu iliyoongezewa fedha na shaba ili iyeyuke kabla ya pete yenyewe. Kisha akailaza juu ya mkaa, akapuliza ulimi wa taa kwa mrija, akiuzungusha pete nzima wala si kiungo peke yake, kwa kuwa lehemu hukimbilia palipo na moto zaidi.

Boraksi ikafura nyeupe kama povu, ikanywea, ikawa kama kioo. Pete ikaiva wekundu hafifu, ambao aliuchungulia kivulini kwa makusudi, maana juani hauonekani. Na mara kile kijipande kikalainika, kikang'aa, kikanywewa na ufa kama maji katika mchanga. Papo hapo akaondoa moto. Pumzi moja zaidi ingaliyeyusha pete.

Weusi uliobaki ulitolewa kwa maji ya ndimu yaliyopashwa moto, pete ikavikwa katika mti wa chuma uliochongoka na kugongwa kwa nyundo ya mbao mpaka ikawa duara, na kiungo hakikulegea. Jiwe likarudi mahali pake. Alipokuwa akikusanya vumbi la tupa kutoka katika kitambaa cheusi alichokitandaza magotini, alilifunga katika karatasi mbili, lile la mwanzo lenye risasi mbali na la pili lililo safi, akampa dada yangu zote mbili, akimsihi asizichanganye kamwe.