Holga: kasoro zinazotabirika na zisizotabirika

Picha ya Al Gore kwenye kampeni za urais wa Marekani za mwaka 2000, iliyompatia David Burnett tuzo ya Chama cha Wapigapicha wa Habari wa Ikulu ya nchi hiyo, ilipigwa kwa Holga, kamera ya plastiki iliyobuniwa Hong Kong mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wapenzi wa Holga husema utamu wake ni bahati: unafyatua, kisha unangoja mkanda usafishwe uone umejaliwa nini. Maelezo hayo yanamdhulumu mpigapicha. Kamera hii ina kasoro za aina mbili, na moja tu ndiyo inayostahili kupendwa.

Hiyo hutoka kwenye lenzi, kipande kimoja tu cha plastiki. Miale ya katikati hukutana vizuri, ya pembeni haikutani sawasawa, na kona hupata mwanga kidogo. Basi katikati huonekana wazi, kingo zikafifia na kuingia giza, fremu baada ya fremu. Anayelijua hilo humweka mhusika katikati, umati akauachia ukungu wa pembeni. Mwanga nao una hesabu yake. Shata hufunguka kwa takriban sehemu ya mia ya sekunde, na katika kamera za mwanzo tundu la lenzi halikubadilika hata ukisogeza swichi ya jua na mawingu. Kwa filamu ya ISO 400 kipimo hicho kinafaa kivulini. Juani mwanga huzidi, lakini filamu ya negativu huvumilia ziada kuliko upungufu. Ndani ya nyumba bila flashi, hupati kitu.

Aina ya pili ni mwanga kuvuja, mfuniko wa nyuma kuchomoka, au fremu kupandana kwa kusahau kusogeza mkanda. Sioni cha kusifia hapo. Mkanda wa 120 hutoa picha 12 tu za mraba, na kila inayoharibika ina gharama ya filamu na ya kusafisha. Tepu nyeusi huziba sehemu kubwa ya uvujaji, na kuitumia si usaliti.

Wapo watakaosema simu hutia giza kwenye kona kwa sekunde moja. Ni kweli, na kwa anayetaka mwonekano huo tu, inamtosha. Lakini kichujio huja picha ikiwa imeshapigwa. Holga hudai uamuzi kabla: mwanga hautoshi, hama. Mhusika yuko pembeni, sogea. Kwa kazi ya harusi, hata hivyo, nisingemshauri mtu aitegemee peke yake.